Technics SL-1200MK2 na sindano laini: mbona mkono unanesa na wufa zinacheza zenyewe?

kijana_wa_isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya santuri maana hapa mtaani kila ninayemuuliza ana jibu lake. Nina playa, Technics SL-1200MK2, ilikuwa ya baba mdogo alikuwa anapigia disko enzi hizo, ikaja ikawekwa stoo imefunikwa kitenge miaka na miaka, nimeitoa fundi kasafisha swichi na ile slaida ya spidi na sasa inazunguka freshi kabisa, vile vidoti vya pembeni vimetulia tuli. Mkono mzima, haupwayi, jiwe la nyuma lipo.

Shida ni katriji, kile kidude cha mbele ya mkono kinachobeba sindano. Ya mwanzo sindano ilishavunjika, kuna jamaa wa Dar akaniuzia katriji ya Kijapani ya zamani, ina karatasi yake kabisa, imeandikwa sindano ikandamize sahani kwa gramu 1.25 na komplayansi 35, akanambia hii ndo walikuwa wanatumia wazee wa hi-fi wenyewe. Nimeifunga, sahani iliyonyooka inapiga tamu hadi raha. Sasa ngoja uweke iliyopinda, na hapa Tabora sahani gani haijapinda jamani, zimekaa chini ya bati Oktoba ngapi hizo. Mkono unapanda na kushuka, ukishavuka pindo hautulii unaendelea kunesanesa, mara sindano imeruka, na wufa, zile spika za besi, zinaingia ndani na kutoka nje hata pale mwanzo kabla wimbo haujaanza, ampu inapata moto na mziki wenyewe bado.

Nina LP kiasi na zile ndogo za 45 nyingi, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, na za Kongo boksi zima, sitaki kuzikwangua. Mmoja kaniambia niweke sarafu juu ya kichwa cha mkono, mwingine kasema nunua katriji ya Denon DL-103 yaishe, wa tatu kasema mkono na katriji haviendani. Haviendani kivipi wakati skurubu zimeingia na waya zote nne zimefika? Bajeti yangu haivuki laki tatu na hapo nimejikamua.

Kibirizi_Sound (Kigoma)

Marahaba. Sarafu mkuu, usisumbuke. Sie hapa Kigoma enzi za disko tulikuwa tunabandika shilingi ya Nyerere pale juu ya kichwa na mziki unaenda mpaka wavuvi wanarudi ziwani. Komplayansi sijui nini hayo ya watu wenye muda. Sindano inaruka = nyepesi, iongezee uzito, basi.

mama_chemchem (Tabora)

Mzee wa Kibirizi shikamoo, lakini hapo unampoteza kijana wa watu. Nyie disko mlikuwa na sindano ngumu za kazi, zimetengenezwa kubeba gramu tatu na kurudishwa nyuma kwa mkono, sarafu isingezifanya kitu. Huyu ana sindano ya gramu moja na robo. Ukimuwekea sarafu juu kijiti kinalala chini tumbo la katriji linagusa sahani.

Kijana marahaba. Huyo wa tatu ndo kakwambia ukweli ila hakumalizia. Kuenea skurubu si hoja, karibu katriji zote za kawaida matundu yake yameachana milimita 12.7 kwa hiyo yoyote inaingia popote. Kuendana ni habari nyingine kabisa.

Sindano yako imeshikiliwa na kijiti, na kijiti kimeshikiliwa na kiraba kidogo ndani ya katriji. Hicho kiraba ni springi. Komplayansi ni ulaini wa hiyo springi, namba ikiwa kubwa ni laini, ikiwa ndogo ni ngumu. Na juu ya springi kuna mzigo, yaani katriji yenyewe, skurubu zake na mkono. Springi na mzigo vikikaa pamoja lazima viwe na mwendo wao wa kunesa, chukulia springi za pikapu ndogo halafu mtu kazifungia bodi la Fuso, ikipita tuta inabembea mpaka mbele ya safari. Ndicho unachokiona mkono ukishavuka pindo.

Sasa mwendo huo unataka uangukie wapi? Sahani iliyopinda inausukuma mkono polepole sana, LP inazunguka mara 33 na kitu kwa dakika kwa hiyo pindo moja linapita chini ya sindano karibu kila sekunde mbili, lakini mapindo mafupi makali yanatikisa mpaka hezi 5 au 6 hivi, yaani mara 5 au 6 kwa sekunde. Mziki nao unaanzia hezi 20 kwenda juu. Katikati hapo pana uwanja mtupu, na ndo maana wanasema mwendo wa mkono na katriji uangukie kati ya hezi 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo mapindo na vishindo vya miguu vinauamsha, ukipanda sana unaanza kuchafua besi.

Hesabu yenyewe simu yako inaiweza. Jumlisha uzito wa mkono, katriji na skurubu, zidisha kwa komplayansi, tafuta kipeuo cha pili, halafu 159 igawanye kwa hilo jibu. Angalizo, uzito wa mkono hapa si wa kuweka kwenye mizani, ni ule uzito ambao sindano inausikia pale mbele, kiwanda ndo wanautoa. Wa MK2 ni gramu 12 pamoja na kile kichwa chake cha kuchomoa. Uzito wa jiwe la nyuma hauhesabiki sana kwa sababu liko karibu na mhimili, ila gramu moja ukiiweka mbele kwenye kichwa inaingia yote nzima.

Ya kwako tuseme katriji gramu 6 na skurubu 1, jumla 19, mara 35 ni 665, kipeuo chake kama 25.8, unapata hezi 6 na ushee. Ndani ya mapindo kabisa! Weka na sarafu, tuseme hata ya gramu tano tu, unashuka hezi 5 na nusu. Yaani dawa yenyewe inaongeza ugonjwa.

Kibirizi_Sound (Kigoma)

Marahaba binti, kumbe una hesabu. Lakini kwetu zilikuwa haziruki bana.

fundi_redio_ujiji (Ujiji)

Haziruki mzee lakini zile sahani ukiziangalia leo ni nyeupe kwenye mifereji kama zimepigwa msasa, tusidanganyane.

Nimesoma ya mama chemchem yamenyooka sina cha kutoa, naongezea tu upande wa hizo karatasi maana hapo ndo watu wengi wanapigwa. Namba ya komplayansi haipimwi kwa namna moja. Wazungu wa Ulaya wanapima kwa hezi 10, Wajapani wengi wanapima kwa hezi 100, na raba ikitikiswa haraka inaonekana ngumu zaidi, kwa hiyo namba ya Kijapani ya hezi 100 unaizidisha kwa moja na nusu mpaka mbili ndo uiingize kwenye hesabu ya 159. Halafu wengine wanaandika komplayansi ya kusimama, sindano ikiwa haitembei, hiyo ni kubwa inadanganya kwa upande mwingine, unaigawa kama nusu. Kwa hiyo kijana 35 yako ni ipi kati ya hizo? Ikiwa ya kusimama basi kweli yake ni 17 hivi na katriji haina kosa, tatizo litakuwa kwingine.

Mfano mzuri ni hiyo Denon DL-103 uliyoambiwa. Ni katriji ya zamani sana, waliitengeneza na shirika la utangazaji la Japani NHK miaka ya mwanzo ya 60 na mpaka leo inatoka. Komplayansi imeandikwa 5, uzito 8.5. Ukiingiza 5 bila kufikiri unapata hezi 15 unasema hapana hii haifai kwa Technics. Lakini 5 ni ya hezi 100, fanya 10, jumla ya uzito 21.5, inakuja karibu hezi 11, inafaa vizuri tu. Kinachokuzuia wewe si mkono. Kwanza bei, pili ile ni muving koili, yaani kinachocheza ndani ni koili si sumaku, inatoa milivolti 0.3 tu wakati katriji za kawaida za sumaku zinatoa 4 au 5, tundu la fono la ampu yako ya zamani halitaisikia labda uwe na priampu yake au transfoma ya kupandishia. Kwa laki tatu hutoboi.

La mwisho, raba inazeeka. Katriji ya mwaka 78 karatasi inasema laini, raba yenyewe ishakuwa kokwa. Au imelegea inaelea. Na joto nalo, raba ikipata joto inalainika, mchana wa Septemba huko kwenu si sawa na chumba cha maabara. Kwa hiyo usiiamini karatasi, pima. Simu yako kama ina kurekodi taratibu ile ya picha 240 kwa sekunde, iweke pembeni usawa wa katriji, washa tochi, piga sahani iliyopinda, kisha angalia baada ya pindo mkono unanesa mara ngapi. Video ya hivyo inachezwa taratibu mara 8, kwa hiyo sekunde 8 za video ni sekunde moja ya kweli. Hesabu ya macho hiyo haidanganyi kama karatasi.

Na angalia kijiti na tumbo la katriji vinavyoachana: kijiti kikiwa kinafunguka na kujikunja wakati mkono unapanda, hapo ujue mkono umechelewa unaburuzwa.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Nyie watu, spika ya bluutuu elfu thelathini na tano, mziki wote wa Kongo upo kwenye simu 😂😂 endeleeni na vipeuo

mwana_Katubuka (Kigoma)

Samahani nadandia uzi, nina playa ya santuri inayozungushwa na mkanda wa raba, ilitoka Marekani iliachwa na mapadre, nimewekea transfoma ya kushusha umeme lakini nyimbo zote zinaenda kinyonge waimbaji kama wana usingizi. Nayo ni mambo ya katriji na mkono?

fundi_redio_ujiji (Ujiji)

Hapana kabisa. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mota za namna hiyo nyingi zinafuata hezi za umeme, Marekani ni 60 sisi 50, kwa hiyo badala ya 33 na kidogo unapata kama 27.8. Inataka puli ya hezi 50, mhimili mnene zaidi pale mkanda unapopita, au uchongeshe kwa fundi wa mashine. Ya kijana haina shida hiyo, mota yake inaongozwa na kwatzi, haifuati hezi za umeme. Fungua uzi wako mkuu tuongee vizuri.

kijana_wa_isevya (Tabora)

Wakuu nawashukuru sana, nimefanya yote. Katriji nimepeleka kwa sonara pale karibu na soko, ana mizani ya kupimia dhahabu za watu wa Nzega inasoma mpaka pointi mbili, imekuja 6.2. Alishangaa kidogo ila akanipimia bure. Video nimerekodi usiku kwa tochi, baada ya pindo mkono unanesa, nimehesabu nikarudia, inacheza kwenye sita sita hivi kwa sekunde ya kweli. Na kijiti kweli kinafunguka halafu kinajikunja kama fundi alivyosema, kinatisha kukiangalia kwa ukaribu hivyo. Kwa hiyo raba bado laini na 35 ni 35 kweli.

Sasa maswali. Nikitafuta kichwa chepesi zaidi cha mkono siwezi kuiokoa hii hii? Na kama ni kununua, kuna jamaa anaweza kuniletea Ortofon 2M Red au Audio-Technica AT-VM95E, nichukue ipi? Bei zimeachana, VM95E ndo ya chini.

mama_chemchem (Tabora)

Hapo umefanya kazi. Kichwa chepesi hakikuokoi. Cha MK2 ni gramu 7 na nusu, ukipata chepesi sana unapunguza gramu mbili labda, jumla inabaki 17, unatoka hezi 6.2 kwenda 6.5. Ili katriji hiyo ifike hata hezi 8 jumla nzima isivuke gramu 11, maana yake mkono wa gramu nne, na MK2 haitakuwa hivyo hata uichonge. Itunze, au muuzie mtu mwenye mkono mwepesi. Kuna Dual za miaka ya 80 zenye mikono ya ULM, zile zilitengenezwa kwa sindano laini kama hiyo hiyo, huko itaimba mpaka ujute.

Kati ya hizo mbili mie nakwambia VM95E, na si kwa sababu ya bei. 2M Red ni katriji nzuri, sijamsikia mtu akiilaani, uzito 7.2 na komplayansi 20. Weka kwenye mkono wako: 12 na 7.2 na skurubu inakuja 20, mara 20 ni 400, kipeuo 20, hezi 8 kasoro kidogo. Kwenye sahani nyoofu hutajua tofauti. Ila wewe ushasema sahani zako zimepinda, kwa nini ukae ukingoni? VM95E ina gramu 6.1, komplayansi wameandika 7 kwa hezi 100, fanya 12 hivi kama fundi alivyoeleza, unapata hezi 10 na nusu. Katikati ya uwanja. Inapewa gramu 2, kwa hiyo haishtuki ovyo kwenye mapindo.

Halafu kitu kingine nachokipendea, ile katriji tumbo ni moja sindano zinabadilishwa. Ikiisha unanunua sindano peke yake. Na ukija kupata zile sahani nzito za 78, za kina Kiko Kids wa zamani, ipo sindano yake nene ya VM95SP inaingia kwenye tumbo la familia hiyo hiyo. Usije ukaweka sindano ya LP kwenye 78, mfereji wa 78 ni mpana sindano inazama mpaka chini inakwangua takataka tu. Ingawa MK2 yako yenyewe haina spidi ya 78 kwa hiyo hilo lisikusumbue kwa sasa.

Sindano za kuigiza zile za bei ya bure usichukue. Hakuna anayejua raba yake ni ya ulaini gani, hesabu yote tuliyopiga hapa inakuwa bure.

Kibirizi_Sound (Kigoma)

Na sahani zenyewe azinyooshe basi, azibane kati ya vioo viwili azianike. Tulikuwa tunafanya.

mama_chemchem (Tabora)

Mzee vioo sawa, kuanika juani hapana jamani, ukizidisha dakika chache mifereji inalainika na mziki unaondoka nao. Azipange wima, zimebanana, mbali na bati na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Zilizopinda sana atazipiga hivyo hivyo, katriji ikiendana na mkono pindo la kawaida linapitika. Na ampu yake kama ina kitufe cha kukata masafa ya chini, wengine wanaandika sabsoniki, akibonyeze wufa zitapumzika.

kijana_wa_isevya (Tabora)

Nimeagiza VM95E, itapanda na basi. Ikifika naifungaje nisije nikaharibu?

fundi_redio_ujiji (Ujiji)

Chomoa kichwa kwenye mkono, fanyia kazi mezani mchana kweupe, na kifuniko cha sindano kibaki kimevaliwa mpaka mwisho. Waya ni nne za rangi: nyeupe kushoto moto, bluu kushoto ardhi, nyekundu kulia moto, kijani kulia ardhi. Shika kile kitundu cha waya kwa kibano cha nyusi, usivute waya wenyewe zinakatika kama uzi. Usichomelee waya kwa risasi kwenye pini za katriji hata kama huna subira, joto linaingia ndani linakata koili.

VM95 ina nyuzi ndani ya matundu yake, skurubu zake zinaingia moja kwa moja bila nati. Usikaze mwisho kwanza. Kwenye Technics kuna kipimo rahisi, toka kwenye raba ya nyuma ya kichwa pale kinapoungana na mkono mpaka ncha ya sindano iwe milimita 52, sogeza mbele nyuma mpaka ifike, hakikisha katriji haijakaa upande, ndo ukaze.

Uzito: zungusha jiwe la nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, antisketi (ile ya kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya sahani) ikiwa sifuri, geuza ile pete ya namba isome 0 bila kuzungusha jiwe, kisha zungusha vyote pamoja mpaka 2. Antisketi nayo weka 2. Ukirudi kwa sonara kuhakiki, angalia sinia la mizani yake lisiwe la chuma, katriji ina sumaku itajivuta chini isome uongo, wekea kipande cha mbao juu kwanza halafu uirudishe sifuri.

kijana_wa_isevya (Tabora)

Sinia lake ni la chuma aisee nimeliona. Nitabeba mbao. Ile ya 35 nani ana Dual hapa?

mwana_Katubuka (Kigoma)

Baba mkwe anayo Mwanga, mkono mwembamba umeandikwa ULM. Njoo inbox.